Mgeni Nyumbani kwa Balozi

Nkhata Bay,
14 Machi 1993

Mpendwa Mjomba Mansuetus,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na mvua hizi, na kwamba huko Lipingo mihogo haijaoza ardhini. Sisi huku ng'ambo ya ziwa wazima. Mama Mkubwa Hildegardi anakusalimu sana, anasema katika kaka wote aliopewa na Mungu wewe ndiye mvivu wa kalamu. Kikohozi chake kimepungua. Mwanawe Henry yuko kambini na vijana wa chama, anakuja nyumbani Jumapili amevaa gwanda lililonyooshwa na viatu vinavyong'aa, tunamcheka. Ukipata mtu anayepanda milimani kwetu Mapera, mama aambiwe kwamba sijakonda.

Barua hii nampa Ilyasi, yule mfanyabiashara wa Mbamba Bay anayevuka ziwa na dagaa wakavu wa usipa na kurudi na sukari. Posta ya huku barua hufunguliwa na kusomwa, hata za wanafunzi. Kwa hiyo nawe usitumie posta.

Sasa habari yangu. Nilikuandikia mwaka jana kwamba nimekuwa monita wa darasa, ukafurahi. Aliyenichagua ni mkuu wa shule, kwa ajili ya mwandiko wangu. Juzi Mwalimu Longwe, anayetufundisha historia, alituuliza sisi wanafunzi ni nani kati yetu aliyenichagua. Akagawa vipande vya karatasi, kila mtu aandike jina la anayemtaka. Nikashindwa, Mjomba, tena vibaya. Kura zangu zilikuwa chache mno, na moja nilijipigia mwenyewe. Nilikwenda kulia chooni.

Lakini kesho yake nilipokaa kwenye dawati kama wengine, wenzangu walianza kuzungumza nami. Wasichana walionipa kisogo mwaka mzima wakaniazima rula. Kumbe walikuwa wananiogopa, na mimi nikidhani naheshimiwa. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Mwezi wa sita nchi hii itapiga kura kuamua kama chama kiendelee kuwa kimoja au viwe vingi. Karatasi moja ina picha ya jogoo, ambayo ni chama kimoja, na nyingine ina taa. Huko kwetu vyama vingi viliruhusiwa mwaka jana na sikusikia mtu akishangilia wala kununa. Naomba nikuulize, usinikasirikie. Wewe ni balozi wa nyumba kumi tangu sijazaliwa. Ni nani aliyekuchagua?

Mpwa wako,
Devotha

Lipingo,
9 Mei 1993

Mpwa wangu Devotha,

Marahaba. Barua yako ilifika na harufu ya usipa, nikajua Ilyasi ni mwaminifu lakini hana mfuko wa pili. Goti ni lile lile. Mihogo imesimama vizuri, na ziwa limetoa usipa wengi mpaka watu wanalalamika kwamba vichanja vimejaa. Mama yako alishuka kutoka Mapera wiki ya Pasaka akiwa na maharage na maneno mengi. Kahawa yao imebeba. Wanasema huenda msimu mwingine watakuja wanunuzi binafsi na magari yao, na baba yako haamini, anasema mtu binafsi atapata wapi mzani. Mwambie Hildegardi kwamba kalamu yangu si mvivu, ina adabu, haisemi kabla ya kuulizwa.

Kuhusu swali lako. Nilichaguliwa mwaka 1974 na mpaka leo hakuna aliyelalamika. Swali hilo limekwisha.

Kazi ya balozi unaijua, umekulia humu ndani. Mke na mume wakigombana wanakuja kwangu. Mbuzi wa mtu akila mahindi ya mwenzake, kwangu. Mgeni yeyote anayelala katika nyumba hizi kumi analetwa kwangu kabla jua halijazama, nami nampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, ajulikane ni nani na ametoka wapi. Ndiyo maana tunalala milango ikiwa wazi. Hapo sioni pa kupiga kura.

Nawe ni mgeni katika nchi ya watu. Tulikupeleka huko kwa sababu huku nafasi za sekondari zilikuwa za kugombania, nawe ukabaki nje ukiwa na alama nzuri. Umepelekwa kusoma. Taa na jogoo waachie wenyewe. Ukiwa na shaka muulize Henry, yeye ni mwenyeji na ni kijana mwenye nidhamu. Na huyo Mwalimu Longwe, ana mke? Ana watoto? Mtu mwenye familia hana haja ya kuuliza darasa maswali ya namna hiyo.

Mjomba wako,
Mansuetus

Nkhata Bay,
27 Juni 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama alishuka, na maneno yake mengi nimeyasikia mpaka huku. Mama Mkubwa hajambo, anakusalimu. Kikohozi kilirudi kidogo kwa baridi ya upepo wa mwera, sasa kimetulia. Mimi ni mzima. Shule ilifungwa siku kadhaa, tumefungua tena.

Taa imeshinda. Nadhani mmesikia redioni.

Nitakueleza jambo la Mama Mkubwa kwanza kwa sababu ndilo linalonipa furaha. Miaka yote wanawake wa huku huitwa kwenda kucheza ngoma kwenye mikutano, wamevaa kitenge chenye sura ya mkubwa wa nchi. Asiyekwenda anaulizwa. Mara hii watu wa chama walipopita kumwita alikuwa jikoni anachambua mchele. Akasema ana kazi. Wakasubiri mlangoni. Akaendelea kuchambua ule mchele ambao haukuwa na jiwe hata moja, mpaka wakachoka wakaondoka. Hakuinuka hata mara moja.

Mimi sikupiga kura, umri haujafika na si raia. Lakini siku chache kabla ya kura nilitembea na wanafunzi wenzangu kutoka sokoni hadi gatini, tumebeba taa za chemli mchana kweupe. Naandika hivi ujue kwangu, usije ukajua kwa Ilyasi. Niliogopa mwanzoni. Tulipofika kwenye mteremko nikaangalia nyuma nikaona watu wamejaa barabara nzima, wauza samaki, wauguzi, wazee, na wote wanaimba, na hofu ikaniacha. Sijawahi kujisikia vile, hata kanisani.

Jioni ile ile vijana wa chama walimfuata Mwalimu Longwe shuleni. Walimpiga mbele ya ofisi ya walimu. Amelazwa. Umeuliza kama ana mke na watoto. Anao. Mkewe anapita hapa kila asubuhi na uji wake ndani ya chupa ya chai kwenda hospitali, na binti yao mdogo amemshika upindo wa kanga.

Sina la zaidi la kuandika kuhusu siku hiyo.

Mpwa wako,
Devotha

Lipingo,
15 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria, tumetoka kanisani sasa hivi. Huku wote wazima. Huko Mapera wamo katika kuchuma kahawa, mama yako anasema mikono yao imekuwa ya watu wasiojuana na sabuni.

Mwambie Hildegardi nimecheka habari ya mchele, kisha nikaacha kucheka.

Kuhusu mwalimu wenu nimesikitika. Nilisema ana maswali mengi, sikusema apigwe.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa sababu kuna kitu kilinikera na sikukijua, hadi nikakiona. Salamu. Umenipa salamu za Hildegardi, umenieleza hata mchele wake, lakini Henry hayumo. Hata kwamba ni mzima hukusema. Mtu wa nyumba unamokaa humwachi nje ya barua bila sababu. Mmegombana? Anaumwa? Nijibu.

Na jambo la kutembea na taa barabarani sikulipenda. Muhula ukiisha urudi nyumbani. Huo ni uamuzi wangu na wa wazazi wako.

Mjomba wako,
Mansuetus

Nkhata Bay,
12 Desemba 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua umesubiri barua muda mrefu, na kwamba muhula umekwisha nami sijarudi. Mama Mkubwa hajambo mwili, lakini hali chakula. Sababu utaiona.

Pengine huko redio imesema jeshi limepindua nchi. Hata huku wako wanaosema hivyo. Ninavyoelewa mimi, wanajeshi wameamua kuwanyang'anya silaha vijana wa chama. Wamezivamia kambi zao. Hapa kwetu walikuja na malori, milio ya bunduki ikasikika tangu asubuhi, na watu hawakukimbia, walitoka nje wakawafuata askari wakiwashangilia. Wengine waliingia kambini wakabeba vitanda na mabati. Nami nilishangilia, nilipiga vigelegele hadi koo likauma. Kisha askari mmoja akapita karibu nami na bunduki yake, kijana tu kama Henry, anacheka, na nikajiuliza huyu naye amechaguliwa na nani. Nikanyamaza. Sijui kama nilifanya vizuri kushangilia. Nilichojua ni kwamba vijana wa chama sasa nao wanaogopa, na hilo peke yake lilinifurahisha, na sikupenda kwamba lilinifurahisha.

Uliniuliza kuhusu Henry. Nimekaa na swali lako miezi minne.

Siku ile walipompiga Mwalimu nilikuwa darasani, nimerudi kuchukua madaftari. Niliona yote kupitia dirishani. Walikuwa kundi, na Henry alikuwamo. Hakupiga, Mjomba. Alimshika Mwalimu mikono kwa nyuma, wenzake wakampiga. Mwalimu alikuwa anamwita kwa jina, kwa sababu aliwahi kuwa mwalimu wake. Henry alikuwa anaangalia pembeni lakini mikono hakuiachia.

Hakujua nilimwona. Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani, akala, akaniuliza habari za masomo. Nilishindwa kumtia kwenye salamu tangu hapo. Mama yake sikumwambia.

Sasa ametoroka na hatujui alipo. Mama yake analia. Mimi silii, na siombi arudi.

Mpwa wako,
Devotha

Lipingo,
14 Desemba 1993

Mpwa wangu,

Ilyasi bado hajafika, kwa hiyo hii nampa mvuvi anayekwenda kisiwa cha Likoma, ataipeleka mbele. Sisi wazima. Majilio haya tumepata mvua nzuri.

Tuna mgeni. Ni Henry. Mwambie mama yake kwa mdomo, sikioni, wala msishangilie.

Alishuka na mtumbwi wa watu wa usipa, miguu imevimba, shati si lake. Unajua desturi ya pwani hii, mtu aliyeshuka majini haulizwi alikotoka mpaka ale ashibe. Alikula kama aliyefunga mwezi mzima, kisha akalala. Amelala chumba chako cha zamani. Nilichopata kwake ni kwamba askari wanawasaka.

Watu wamesikia kwa balozi kuna mkimbizi wa vita. Jumuiya nzima imeguswa. Wameleta unga wa muhogo, Mwanahawa yule mkaushaji samaki, ambaye hata si wa kanisa letu, ameleta kapu zima la usipa na blanketi lake mwenyewe. Jumapili Henry aliombewa kwa jina. Alikaa ameinamisha kichwa, watu wakasema ana uchaji.

Kwa mwenyekiti sijampeleka bado. Goti linasumbua.

Mjomba wako,
Mansuetus

Nkhata Bay,
20 Januari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mama Mkubwa alipoambiwa alipiga magoti palepale uani. Tangu siku hiyo anakula. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nakushukuru.

Barua zetu zilipishana ziwani. Sasa utakuwa umeipata yangu, na unajua ni nani aliye chumbani kwangu.

Nimekasirika, Mjomba, na naomba nikasirike kwa heshima. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mgeni hupelekwa kwa mwenyekiti kabla jua halijazama, ajulikane ni nani. Jua limezama mara nyingi. Goti lako linapanda Mapera kula mahindi mabichi, litashindwaje kufika ofisi ya kijiji?

Sitaki Henry auawe. Sitaki afungwe bila kesi, hayo ndiyo tuliyotembea kuyakataa. Ninachotaka ni kidogo. Hao wanaomlisha waambiwe wanamlisha nani. Mwanahawa ametoa blanketi lake akidhani anamfunika mtu aliyeonewa. Wakishajua wakaendelea kumlisha, ni juu yao, nami sitasema neno. Siasa yangu yote ndiyo hiyo, ukiniuliza nimejifunza nini huku.

Usinijibu kwamba ni damu yetu. Ni damu yangu pia, na ndiyo maana nilikaa kimya miezi minne, na kukaa kwangu kimya hakukumsaidia mtu.

Kama hutawaambia, mimi kwenye nyumba hiyo sitarudi. Nimeandika sentensi hii nikiwa nalia, lakini siifuti.

Devotha

Lipingo,
13 Februari 1994

Mpwa wangu Devotha,

Marahaba. Mama yako na baba yako hawajambo. Huyo mnunuzi binafsi ameonekana kweli Mbinga mjini, amekuja kuuliza tu. Baba yako alikwenda kumtazama akarudi akisema ni mtu wa kawaida.

Barua yako niliifungua nikiwa peke yangu, nikaikunja, nikaenda shambani kupalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.

Nilimlisha Henry kwa majuma ili nisimuulize. Sasa nalisema. Desturi inasema mpaka ashibe, nami nilihakikisha hashibi. Kila alipomaliza sahani niliita nyingine. Barua yako ya Desemba ilipofika nilikuwa nimeshahisi, mtu aliyeonewa haombewi ameinamisha kichwa namna ile.

Nilimsomea barua zako zote mbili, mezani, mchana. Alisikiliza. Aliniomba nirudie pale penye mikono. Nikarudia. Akasema ni kweli.

Basi nikaita mkutano wa nyumba kumi. Nilisimama nikawaambia kwamba mgeni wangu si mkimbizi wa vita, ni mpwa wangu, alikuwa kijana wa chama, alishika mtu mikono apigwe, na kwamba mimi balozi nimewaficha hayo. Henry alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Aliyeinuka ni Mwanahawa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Nilimpa kwa sababu nilidhani ameonewa. Sasa nitampa kwa sababu ana njaa. Si kitu kimoja, Balozi, na ulipaswa kuniacha nichague."

Tangu nizaliwe sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikawaambia pia wachague balozi, na nikatoka nje wasinione usoni. Uliniuliza nani alinichagua, nami nikakujibu kama mwenye hasira. Mwaka ule alikuja katibu kutoka wilayani, akataja jina langu, akauliza kama yuko anayepinga. Ungepinga wewe, katibu anakuangalia? Safari hii hapakuwa na katibu. Wamemchagua Mwanahawa. Nimeambiwa mikono michache iliniinukia, na mmoja ulikuwa wa Henry, ambaye hata hakuruhusiwa. Kwa hiyo sasa tuko wawili tulioshindwa katika ukoo. Sikulia chooni, choo chetu unakijua. Ila jirani mmoja aliyekuwa ananisalimia kwa kusimama, juzi amenisalimia akiwa ameketi, tukazungumza hadi chai ikapoa.

Mwanahawa alimpeleka Henry kwa mwenyekiti siku ile ile. Mwenyekiti alisema akae, wataandika wilayani. Lakini asubuhi hii Henry ameniuliza Ilyasi anavuka lini. Sikumtuma. Nilimwambia sijui kama huko ni salama kwake, akasema hata yeye hajui. Barua hii anaibeba mwenyewe.

Chumba chako kimefagiliwa. Sikulazimishi.

Mjomba wako,
Mansuetus

Nkhata Bay,
9 Machi 1994

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia mkononi mwa Henry, imelowana pembeni lakini inasomeka. Mama Mkubwa alimshika mwanawe shingoni asimwachie hadi majirani wakaja kuwatenganisha, wote wanacheka na kulia. Mimi nilibaki jikoni. Askari hawajamfuata mpaka leo, na hatujui kama watamfuata. Uchaguzi wa vyama vingi ni mwezi wa tano. Nikishauona nitakuja nyumbani, uniwekee usipa.

Siku ya pili asubuhi Henry aliniomba nimpeleke kwa Mwalimu Longwe. Nilimwambia anaijua njia. Akasema anaijua, lakini anaogopa. Nikaenda naye.

Mwalimu ndiye aliyefungua. Amekonda sana. Alimtazama Henry, hakusema karibu, wala hakufunga mlango. Henry alianza kuzungumza akiangalia miguu yake, polepole, hata mimi niliyesimama karibu sikumsikia vizuri. Mwalimu akageuza kichwa upande.

"Sema kwa sauti," akamwambia. "Tangu siku ile sikio hili halisikii."

Henry akarudia. Mwalimu akatikisa kichwa, bado. Akarudia tena kwa sauti zaidi. Watu waliokuwa kisimani wakasimama na ndoo zao, mke wa Mwalimu akatoka nyuma ya nyumba, na Henry akaendelea kurudia, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka ikawa anapiga kelele katikati ya mtaa, machozi yanamtoka, kwamba yeye ndiye aliyemshika mikono.

"Sasa nimesikia," Mwalimu akasema. Akaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Kama amemsamehe sijui, na si mimi wa kuuliza. Tulirudi nyumbani pamoja, Henry sauti ikiwa imemkauka, na watu wote njiani wanajua.

Mpwa wako,
Devotha